Vifungo Ishirini na Tisa Vilivyonipeleka Stoo

Jamani, mimi niliwahi kuhamishwa na vifungo. Ndiyo, vifungo vya mashati.

Shangazi yangu ana karakana ya kushona sare za shule. Tulikuwa saba, yeye akiwemo. Kazi yangu ilikuwa kushona matundu ya vifungo kwa mkono. Nilikaa dirishani, kwa sababu jicho langu la kushoto halioni vizuri bila mwanga mwingi.

Siku moja Shangazi akasikia redioni kwamba jambo jema ni lile linaloleta raha nyingi kwa watu wengi.

Basi, ikawa balaa.

Kila jambo likawa la kupigiwa hesabu. Ukifurahi, unatumbukiza vifungo vyeupe kwenye kopo. Ukiumia, vyeusi. Mwisho vitano, kadiri unavyojisikia. Mkono unafunikwa na kitambaa, asione mtu.

Mwanzoni raha tupu. Tulichagua wimbo, tukachagua saa ya chai.

Halafu mpiga pasi, tunamwita Mama Mvuke, akasema, "Meza yangu ikae dirishani, joto litoke. Bibie huyu ahamie stoo."

Bibie ndiye mimi.

Kopo likapita. Nilikuwa na ruhusa ya kuweka vyeusi vitano. Niliweka kimoja.

Niliona haya. Nilijiambia, nikiweka vitano wataniona nina makuu.

Shangazi akamwaga mezani. "Vyeupe ishirini na tisa. Cheusi kimoja. Kumbe hata mwenyewe hajaumia sana!"

Nikanywea. Nikabeba kiti changu.

Stoo ilikuwa na taa moja, tena ya kujishauri kabla ya kuwaka. Nilishona kwa kupapasa. Wiki ya pili mashati kumi na manne yakarudishwa. Matundu yalikuwa yamepinda kama njia ya panya.

Shangazi akatuita wote.

"Mwanangu, nakupenda, lakini kazi ni kazi. Naona urudi nyumbani. Mmoja wa hawa atachukua kiti chako huko stoo. Mteja atafurahi, sisi tutafurahi. Leteni kopo."

Nyumbani mama ananitegemea mimi. Shule niliacha darasa la tano. Kama si sindano, mimi ni nani?

Safari hii nilitumbukiza vyeusi vyote vitano. Kopo likalia.

Shangazi akamwaga.

Vyeusi ishirini na saba. Vyeupe vinne.

Machozi yakanitoka. Kumbe wenzangu wananipenda hivi!

"Asanteni," nikasema.

Mama Mvuke akaguna. "Asante ya nini, shoga? Mimi nimeogopa stoo."

"Hata mimi," akasema mkata vitambaa. "Nilipoingia kuchukua uzi nilijigonga mara mbili. Nikae humo kutwa?"

Wakaangua kicheko. Hakuna aliyeniwazia mimi, hata mmoja!

"Na hivi vyeupe vinne?" mkata vitambaa akauliza.

Shangazi akatazama dari. "Vyangu. Cha tano nilikibakiza. Damu nzito."

Weee! Shangazi yangu mwenyewe!

Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikasimama.

"Dirisha langu nalitaka. Mara ile niliumia vitano, nikaweka kimoja kwa haya. Stoo sioni!"

Mama Mvuke akaisahau pasi juu ya shati mpaka likaungua kola.

"Kumbe ana sauti! Sasa mbona hukusema, mtoto wewe? Mimi nilitaka upepo tu."

Jioni hiyo tukasukuma meza. Dirisha lilitutosha wawili. Hakuna aliyekuwa amelipima.

Ndugu msomaji, kuhesabu raha za wengi si vibaya. Lakini mwenye haya huwa anajipunja mwenyewe kabla hamjampunja ninyi. Muulizeni. Akisema haumii, muulizeni tena.

Nawe mwenye haya, ukiumia vitano, weka vitano.

Shati lililoungua kola? Shangazi alitaka tupige hesabu nani alishone upya. Tukakimbia wote.