Nilimuaga Elisha Kabla Jina Halijatoka

Kuna ndugu zangu wa Columbus ambao mpaka leo wakinikuta kwenye harusi au msiba hawanisalimii kwanza, wananiuliza, "Ndege imeshatua?" halafu wanacheka mpaka wanashika ukuta, na mimi nacheka nao, nitafanyaje, aibu ukishaipata mbele ya kwaya mbili katika miji miwili huna tena pa kuificha. Basi acheni niisimulie mwenyewe, maana wao wanaitia chumvi.

Elisha ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Tulitoka naye kambi ya wakimbizi, kule Kigoma, tukaletwa Marekani, Louisville, tukapata nyumba pale Shively, na yeye aliyezoea kupiga mpira wa matambara akajikuta kwenye shule wanakocheza ule mpira wao wa kubeba mikononi na kuvaa makofia. Kocha alimwona siku moja akipiga, akamwambia wewe usikimbizane na mtu, wewe piga tu. Akapiga hivyo mpaka chuo kikuu kikamchukua kumsomesha bure, kazi yake uwanjani ikawa hiyo moja, kuupitisha mpira katikati ya nguzo mbili halafu kurudi kukaa (mimi nilidhani wamemtenga, nikataka kwenda kumuuliza kocha, mke wangu akanizuia mlangoni).

Sasa mwaka wake wa mwisho, yapata miaka kumi iliyopita, akanieleza jinsi wachezaji wa chuo wanavyoingia ligi ya kulipwa. Huombi timu. Timu ndizo zinazokaa mwishoni mwa Aprili na kuchagua kwa zamu, siku tatu mfululizo, majina yanatangazwa kwenye televisheni, na ukitajwa unahamia mji wa waliokutaja, upende usipende. Nikamwambia, "Hayo nayajua, mwanangu. Hata sisi tulichaguliwa hivyo hivyo." Na hapo ndipo nilipoanza kupotea.

Maana kambini mambo yalikwenda kwa hatua: unahojiwa, unahojiwa tena, unapelekwa kwa daktari, kisha siku moja jina linatoka ubaoni na unapanda ndege. Mtu akishapita kwa daktari hakungoja ubao. Alianza kugawa vitu vyake, sufuria kwa huyu, godoro kwa yule, majirani wanakuja kumuaga, wanaimba na kumwombea, na aliyeondoka bila kugawa tulimwita mchoyo. Kwa hiyo Elisha aliponiambia kwamba timu ya Buffalo imemwita, imemhoji, na daktari wao amempima magoti na nyonga, nilimuuliza jambo moja tu.

"Na daktari amesemaje?"

"Kasema niko sawa. Lakini baba mdogo, wanapima wengi, haina maana wamenichukua. Tafadhali, usimwambie mtu."

Nikamwambia sawa. Na kweli sikumwambia mtu, nilimwambia dada yangu Domitila aliyeko Gahanna, kule Columbus, na dada si mtu, ni dada. Halafu nikaona si vizuri mtoto afike mji wa ugenini bila wa kumpokea, nikampigia shemeji yangu Fideli, kaka wa mke wangu, anayekaa Buffalo mtaa wa Riverside, nikamwambia Jumamosi, siku ya mwisho ya kuchagua, jina likitoka tu watampa tiketi apande ndege jioni ile ile (nani aliniambia hivyo? Hakuna. Sisi tulipewa tiketi, nikajua na yeye atapewa).

Siku ya kwanza ya kuchagua, mwenzake mmoja wa chuo alitajwa, jitu moja kubwa lililowahi kumaliza ugali wa nyumba nzima kwangu. Siku ya pili wakatajwa wengine wawili, na Elisha akaenda kwao kuwapongeza kwa furaha kabisa, akalala huko. Alipokuwa huko, mimi nikamwita Papa Bahati, Mkongo aliyefika Shively majuzi na watoto wanaolala chini, nikampa kitanda cha Elisha.

Jumamosi Elisha alirudi akaenda moja kwa moja kuoga, alitaka kutazama peke yake chumbani. Akatoka kuoga, akakuta sebule imejaa. Domitila ameshuka na kwaya yake yote kutoka Columbus wamevaa sare za vitenge, mbuzi yuko jikoni, mchungaji yuko kwenye kochi. Akarudi chumbani, akatoka tena.

"Baba mdogo, kitanda changu kiko wapi?"

Nikamwambia, "Kaa ule kwanza." Akaniangalia, akaketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya watu wote wale, kwa sababu hakuwa tena na pa kwenda.

Majina yakasomwa. Kila zamu ya Buffalo ilipofika niliisimamisha kwaya, wakasoma jina la mtu mwingine, nikaikalisha. Tukasimama, tukakaa. Binti yangu Neema, aliyekuwa anachezea simu, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba wapigaji huwa hawachaguliwi sana, miaka mingine ni mmoja au wawili nchi nzima. Nikamuuliza mbona hukusema mapema, akajibu kwamba sikumuuliza.

Jina la mwisho likasomwa, likaja tangazo la magari. Kwaya imesimama. Domitila akauliza, "Wamemaliza? Si wamalizie na wetu?"

Simu yangu ikalia, na kwa kuwa mikono ilikuwa na mafuta ya mbuzi nikabonyeza spika, sauti ya Fideli ikajaa nyumba: "Shemeji! Tuko uwanja wa ndege, kwaya yote iko hapa, tumemletea na koti, huku bado baridi! Ndege imeshatua?"

Nikaikodolea simu macho. Kambini palikuwa na familia iliyogawa kila kitu, halafu jina lao halikutoka, wakabaki wanaazima hata kijiko, na sisi majirani tukawa tunawarudishia vyombo vyao kimoja kimoja, kwa aibu, kama tulioiba. Nililijua hilo. Nilikuwa nimelisahau kwa sababu mimi nilikuwa kati ya walioondoka.

Elisha akanyanyuka, akanichukulia ile simu. "Shikamoo, mjomba. Ni Elisha. Hawakunichagua."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyatamka maneno hayo, na aliyatamka mbele ya watu niliowaita mimi. Tukasikia magurudumu ya masanduku yakipita kule. Kisha Fideli akasema, "Marahaba, mwanangu. Sasa... sisi tumeshafika hapa. Tuimbe, tusiimbe?"

Elisha akacheka kidogo, kile kicheko kilicho karibu na kilio. "Imbeni, mjomba."

Wakaimba, kule uwanja wa ndege, wimbo wa shukrani waliouandaa, na kwaya yetu iliyokuwa imesimama ikapokea. Elisha aliinua simu juu mpaka wimbo ukaisha, halafu akakaa akalia begani kwa shangazi yake. Niliumia jamani. Kuchaguliwa hakukuwa mikononi mwake, lakini kunyamaza kulikuwa mikononi mwangu.

Papa Bahati akaja taratibu. "Bon, ndugu, kitanda ile naweza rudisha leo leo, haina shida." Elisha akamsikia, akafuta macho, akasema hapana, watoto walalie.

Timu moja ilimwita baadaye kumjaribu, haikumchukua, akamaliza masomo yake. Mwaka uliofuata nilimwona akinyoosha shati na kutoka asubuhi kama mtu anayekwenda usaili wa kazi, sikuuliza, naye hakusema, na hilo la kutosema liliniuma kuliko vicheko vyote vya Columbus. Mpaka siku moja akanikuta naosha gari, amevaa lile koti la Buffalo walilomtumia kwa posta.

"Baba mdogo, nimepata kazi Columbus. Nimeshasaini. Jina limetoka, sasa unaweza kumpigia shangazi."

Nikaitoa simu mfukoni. Halafu nikampa yeye. "Mpigie mwenyewe," nikamwambia, "habari ni yako." Na tangu siku hiyo habari ya mtu naiacha kwa mwenyewe, hata awe amepita kwa madaktari wote.

Akapiga, nikasikia vigelegele vya Domitila kutoka nilipokuwa, kisha akaomba kuongea na mimi, nikajua anachotaka kuuliza.

Nikamuwahi. "Imetua, dada."