Kikundi Changu cha Kompyuta na Watu wa Katiba

Shule niliachia darasa la sita, na sijaona hasara yake. Duka langu la kompyuta za mtumba liko Huruma, hapa Eldoret, na ofisi nyingi za mji huu zinatumia mashine zilizopita mikononi mwangu. Hili nalisema mwenyewe kwa sababu nikinyamaza hakuna atakayelisema.

Kikundi nilikianzisha kwa sababu ya vitambaa. Watu wa Eldoret wananunua kompyuta kama wanavyonunua kabati la vyombo. Inawekwa sebuleni, inafunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni, na kitambaa hakitoki hata mashine ikiwa imewashwa. Matundu ya hewa yanaziba, mashine inajipika, halafu mwenyewe anakuja kunifokea, ati nimemuuzia takataka. Mama mmoja wa Kimumu, anayechapa programu za mazishi na kadi za harusi, aliniletea yake ikinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati.

"Mama, hii uliifunika?"

"Si ni juu ya vumbi, fundi."

"Mtoto ungemfunika hivyo, pua na mdomo?"

"Mtoto wangu hana nyaya. Tengeneza."

Nilitengeneza, lakini nilikuwa nimechoka kufundisha mjinga mmoja mmoja. Nikatangaza kwamba Jumamosi alasiri, mwenye kompyuta aje nayo dukani. Sheria ilikuwa moja: unafungua mashine yako kwa mkono wako mbele ya wenzako, unatoa vumbi, unaonyeshwa hili ni nini na lile ni la nini. Hakuna kufunguliwa na mtu. Yule Mama alikuja wa kwanza. Wakafuata makarani, wenye maduka, na mkulima kutoka kijiji cha Soy aliyebeba yake ndani ya gunia la mahindi. Tukajaa mpaka barazani.

Wasomi walikuja tulipojaa. Hao hawaendi mahali penye nafasi. Aliyewaongoza ni mwalimu mstaafu wa sekondari, mtu wa tai hata siku ya jua kali. Hakuleta mashine, alileta ajenda.

"Kikundi bila katiba ni umati tu," alituambia.

Basi Jumamosi zikawa za maombi, halafu salamu, halafu kila mtu ajitambulishe kwa watu wanaomjua, halafu kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita, ambao nao ulikuwa wa kusoma kumbukumbu. Tulibishana kama mweka hazina awe na naibu, na hazina yenyewe haikuwepo. Mashine zilikaa sakafuni zimefungwa. Mkulima wa Soy alirudi kwao na gunia lake bila kulifungua, na hatukumwona tena. Hapo nikajua kikundi changu kinazikwa huku nikitazama.

Kisha mwalimu akataka tuhamie ukumbi wa hoteli huko mjini. Kuna chai, alisema, na hakuna uchafu. Tungehama, nani angefungua kompyuta kwenye meza ya hoteli?

"Tupige kura ya siri," akasema.

"Siri ya nini? Tupange mlolongo. Anayetaka hoteli asimame nyuma yako. Anayetaka duka, nyuma yangu."

"Mzee, hayo ni mambo ya kizamani."

"Hata tai yako."

Watu wakajipanga. Mlolongo wake ukatoka mpaka nje ya mlango, wengi wakiwa mikono mitupu. Mama wa Kimumu alibaki katikati, mashine yake kifuani.

"Mama, unangoja nini?" nikamuuliza.

"Kwa mwalimu kuna chai. Kwako kuna kelele." Wakacheka. Akamgeukia mwalimu. "Huko hotelini nitafungua hii?"

"Hilo tutaliundia kamati ndogo, Mama."

"Kamati!" Akaja nyuma yangu, na wachache waliokuwa na mashine wakamfuata.

Kura nilishindwa. Walichukua jina la kikundi, wakachukua na mwalimu, mwenyekiti wao, na kwangu hawakuacha pengo lolote. Walipokuwa bado wanapiga makofi, Mama alikuwa amepiga magoti sakafuni, amelaza mashine ubavu, anaulizia bisibisi. Nikawaambia wale wa hoteli wakapigie makofi barabarani, wanatuzibia mwanga.