Ndimu ya Kwenda Bagamoyo

Mpaka leo nikikata ndimu, kabla haijaingia kwenye mchuzi naipeleka puani kwanza. Watu wa nyumbani kwangu wameshazoea, hawaniulizi. Wao wananusa ndimu. Mimi nanusa vumbi la barabara ya Isaka na siti ya pikapu iliyochomwa na jua, na ninarudi kuwa mtoto wa darasa la tatu.

Ilikuwa miaka ya tisini, tukiishi Nyahanga, Kahama. Shangazi yangu alikuwa ameolewa Bagamoyo, akajifungua mtoto wa kwanza, na jioni moja tukiwa tunakula Baba akasema likizo tutakwenda kumwona. Nilirudisha tonge kwenye sahani. Bahari nilikuwa nimeiona kwenye kalenda ya dukani tu.

Shida ilikuwa njia. Baba mdogo alisema kuna malori yanayopeleka pamba Dar, tungelala juu ya robota bila kulipa chochote. Mama alimtazama tu, na habari ya lori ikaishia hapo. Bibi, mama yake Baba, alitaka treni ya kutoka Isaka. Baba alitaka basi.

“Treni inachelewa, Mama,” alisema. “Mtoto ataanza kutembea sisi bado tuko Dodoma.”

“Atatufuata stesheni, basi,” Bibi akajibu.

Mimi niliiombea treni kwa sababu ya aibu yangu. Nilikuwa natapika kwenye magari. Kila gari, hata lililokwenda karibu. Baba alisema wazi kwamba tukipanda basi, mimi, Kabula, nitabaki kwa mama yangu mkubwa, kwa kuwa safari ile ndefu hakuna wa kushika ndoo. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma.

Basi nikaamua kujifundisha kutotapika, kama nilivyojifundisha jedwali la saba. Binamu yangu Masanja alikuwa na mkokoteni wa ng’ombe. Nilipanda nikakaa kinyumenyume, ndimu puani, naye akawaswaga ng’ombe kuzunguka uwanja wa mpira mpaka wachezaji wakatutukana. Nikishuka nayumba, naomba tena. Sikuwa najua kufanya kitu nusunusu. Mpaka sasa sijui, na siisifu tabia hiyo.

Baba akakubali kunijaribu. Pikapu ya duka moja la mjini ilikuwa inakwenda Isaka kuchukua saruji. Nikienda na kurudi salama, basi litanibeba. Bibi naye akajifunga khanga, akasema anakuja. Baba alipanda nyuma. Mimi na Bibi tukakaa mbele na dereva, mzee mmoja mcheshi.

“Binti akichafua humu ataosha mwenyewe,” alisema.

“Endesha gari,” Bibi akamwambia.

Kwenda nilikwenda vizuri. Nilishuka Isaka nimebana ndimu yangu, nikayaona mabehewa, na kichwani nilikuwa tayari nimefika baharini. Lakini wakati wa kurudi jua lilikuwa kali, saruji ilikuwa inanuka, na mate yakaanza kujaa mdomoni. Wanaotapika wanayajua mate yale. Nilifumba macho. Nilisoma jedwali la saba moyoni, nikakwama katikati.

Bibi akagonga kwenye dashibodi. “Simamisha. Tumbo.”

“Tumbo la nani, bibi?”

“Langu. Unataka nikuoneshe hapa hapa?”

Gari likasimama. Akanishika mkono. “Mayu, mama yangu, njoo unishikilie.” Tukaenda nyuma ya kichaka, na huko nikatoa kila kitu, mpaka uji wa asubuhi. Bibi alininawisha kwa maji ya kwenye dumu, akanifuta kwa khanga, akafukia kwa mguu. Kisha akainama naye, akaguna kama ndama anayekabwa.

“Mama, unatapika?” Baba aliita kutoka garini.

“Magari yenu haya yananuka,” Bibi akajibu, akijifuta mdomo mkavu.

Usiku ule Baba alisema mama yake hawezi basi, atakwenda kukata tiketi za treni. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwa ugonjwa wa Bibi, halafu nikaogopa sala yangu mwenyewe.

Siwezi kuisimulia treni ile kwa utulivu. Nilitoa kichwa dirishani mpaka nyusi zikajaa masizi. Tulinunua asali Tabora. Kutoka Dar kipande cha mwisho tulipanda gari, nikakimaliza na ndimu yangu. Nilipoingiza miguu baharini nilionja maji, nikamwita Bibi aonje pia. Alitema, akasema nani kamwaga chumvi yote hii.

Nilipomaliza sekondari nilisafiri naye kwa basi kwenda Chato. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Mimi nilikuwa na ndimu. Yeye alitafuna karanga njia nzima, akimgombeza kondakta kwa mwendo wa pole.

“Bibi, huogopi kutapika?”

“Mimi? Sijawahi kutapika kwenye gari tangu nizaliwe.”

Mkono uliobeba karanga ukasimama. Aliniangalia, akageukia dirishani, akaanza kusifu mihogo ya watu.

Miaka yote niliamini nilifika baharini kwa bahati. Kumbe kuna mtu mzima aliyekubali kuonekana dhaifu mbele ya mwanawe, ili aibu yangu ibaki nyuma ya kichaka. Nilimenya karanga, nikaziweka kwenye kiganja chake, moja baada ya nyingine, mpaka Chato.