Wagonjwa wa Mgongo Hawakai Kwenye Kiti Chake

Saa mbili na robo asubuhi. Mwalimu wa hesabu ameketi kwenye kiti cha chuma, shuka shingoni, na nyuma yake amesimama mwanamke ambaye hospitali nzima humwita Mama Wembe. Mashine ya kunyolea iko mkononi lakini hajaiwasha. Kwanza anatafuta alama.

Alama ni mshale wa kalamu ya bluu, aliouchora daktari juu ya sikio la kulia. Anaulinganisha na karatasi, kisha anamwuliza mgonjwa mwenyewe.

"Uvimbe uko upande gani, mwalimu?"

"Kulia. Hii ni mara ya tatu unaniuliza."

"Na ya nne inakuja. Hapa hakuna kifutio."

Mashine inaunguruma. Mwalimu anafumba macho. "Sikio uniachie, tafadhali."

"Likikatika nitakuwekea kwenye bahasha pamoja na nywele."

Bahasha ipo kweli. Nywele za kila mgonjwa huziweka kwenye bahasha ya kaki, huandika jina, na kumkabidhi ndugu. Hakuna aliyemwagiza. "Siwezi kumfagia mtu nikamtia kwenye ndoo ya taka," anasema. Kuna bahasha zilizoishia mikononi mwa wajane. Hizo hapendi kuzizungumzia.

Kazi hii ameifanya kwa miaka kumi na mitatu, vichwa tisa hadi kumi na viwili kwa wiki. Huwanyoa waliogongwa na pikipiki, walioota uvimbe, na watoto wachanga wenye kichwa maji. Jina la Mama Wembe limebaki tangu enzi za wembe. Wembe wenyewe ulikatazwa siku nyingi, maana hukwangua ngozi na kuwafungulia vijidudu mlango.

Hajafika hata nusu ya kichwa cha mwalimu, mlango unasukumwa. Fundi mwashi anachungulia, mkono mmoja kiunoni, mwingine begani kwa mkewe. Anaziona nywele sakafuni, anageuka.

"Tumekosea mlango. Hawa ni wa vichwa. Mimi kichwa changu kizima."

"Kimekuwa kizima lini?" anauliza mkewe.

Mama Wembe anazima mashine. "Barua yenu inasema mwende wapi?"

"Hapa hapa, mama. Lakini mimi naumwa mgongo. Aliyeandika kachanganya mambo."

"Mguu una ganzi?"

"Wa kushoto. Na huu mwingine umeshaanza."

"Na haja ndogo?"

Fundi anaangalia sakafu. Mkewe ndiye anayejibu, kwa sauti ya chini. "Haijatoka tangu jana jioni."

Mama Wembe anamwacha mwalimu na nusu kipara, anatoka kumwita muuguzi. Hakuna anayesubiri foleni tena. Fundi anapelekwa kupigwa picha ya mgongo, na kabla ya saa saba mchana yuko chumba cha upasuaji.

"Barua kama ile niliikunja mimi mwenyewe," Mama Wembe anasema baadaye, akisafisha meno ya mashine kwa brashi.

Ilikuwa miaka minne iliyopita. Mumewe, mchoraji wa mabango ya maduka, alianza kwa kulalamika kiuno, kisha mguu ukafa ganzi. Kituo cha afya kikawapa barua ya kwenda kwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu. Mama Wembe alisoma hadi kwenye neno "ubongo", akaishia hapo.

"Baba watoto akaniuliza, 'Hawa si ndio watu wako?' Nikamwambia ndio, nawajua, hao ni wa vichwa, wewe umeandikiwa kimakosa. Barua nikaitia kwenye kabati la vyombo. Yeye nikampeleka kwa mkandaji."

Alikuwa amefanya kazi katika wodi hiyo miaka tisa. Lakini mgonjwa wa mgongo hanyolewi kichwa, hivyo hakai kwenye kiti chake. Wala aliyekatika mishipa ya fahamu mkononi hakai hapo. Wote hao walitibiwa na madaktari wale wale, chumba cha tatu kutoka kwake. Yeye aliona vichwa tu, akadhani kazi yote ni vichwa.

Barua ilikaa kabatini siku kumi na tisa. Siku ya ishirini mumewe hakuweza kusimama, wala kukojoa.

Daktari alimweleza wakiwa wamesimama ukumbini. Ubongo hauishii shingoni, alisema. Unatuma mishipa yake kupitia uti wa mgongo hadi kwenye kucha za miguu, na sisi tunaifuata njia yote. Kisha akauliza ganzi ilianza lini.

"Nikamtajia siku. Akavua miwani, akaifuta, wala haikuwa chafu."

Upasuaji uliondoa maumivu. Miguu haikurudi.

"Wanasema kinyozi hajinyoi," anasema. "Haya. Nami nimeiona."

Sasa mshahara wake huisha tarehe kumi na mbili. Siku zilizobaki huzisukuma kwa kushona sare za shule. Kila baada ya saa tatu humgeuza mumewe kitandani asipate vidonda. Hajawahi kusikia lawama kutoka kwake. "Angenitukana hata mara moja ningepumua," anasema.

Mkuu wa wodi amemruhusu kutundika ubao mlangoni, wenye picha ya mwili mzima wa mtu, kutoka utosini hadi unyayoni, ubongo, uti na mishipa yote ikionekana kwa rangi nyekundu. Mchoraji ni mumewe. Kichwa alikimaliza siku moja, mgongo siku mbili. Alipofika kiunoni akaweka brashi chini. Ubao umeegemea ukuta wa chumba cha kulala wiki ya sita sasa.

"Hasemi kwa nini. Nami simwulizi."

Siku tatu baada ya fundi mwashi kupasuliwa, Mama Wembe anaingia nyumbani, na hata viatu hajavua mumewe anamwuliza.

"Yule wa mgongo?"

"Amekojoa mwenyewe. Na kidole gumba kimecheza."

"Cha mguu upi?"

"Wa kushoto."

Mume anayatazama magoti yake chini ya shuka.

"Nisogezee ubao," anasema.

Mguu wa kushoto umekwisha kuchorwa. Wa kulia ameahidi Jumamosi. Mama Wembe amekwisha kununua misumari minne, na mahali pa kuipigilia amepapima: chini, karibu na kitasa.

"Mafundi wa hospitali wanataka uwekwe juu ya mlango, ati upendeze," anasema. "Nimekataa. Mwenye kuumwa mgongo haangalii juu."