Nguzo Iliyokandikwa

Harufu ya udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, ukiwa bado mbichi ukutani, hunifanya nitazame juu mpaka leo. Kwa wengine ni harufu ya nyumba safi. Kwangu ni harufu ya nyumba inayoficha jambo. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza shule tulipohamia kwa bibi mzaa mama, kijijini upande wa Mpwapwa, baada ya baba kwenda kutafuta kazi machimboni na salamu zake kukatika. Bibi aliishi kwenye tembe, nyumba ya asili ya Wagogo, yenye paa bapa la fito lililofunikwa kwa udongo mzito. Kuta hazikulibeba paa lile. Lilibebwa na nguzo, magogo yenye panda juu, na iliyo kubwa kuliko zote ilisimama katikati ya chumba cha wageni.

Neno hilo, nguzo, lilinifuata kila mahali mwaka ule. Kanisani tuliambiwa imani ni nguzo. Jirani yetu Zuhura alinihesabia vidoleni nguzo za dini yake. Na wanawake waliokuja kutupa pole walimshika mama mikono yote miwili, wakamwambia, "Jikaze, mwenzetu. Nguzo ya watoto hawa sasa ni wewe." Walikusudia kumtia moyo, lakini mimi waliniogofya, kwa kuwa nilikuwa nimeona nguzo ya banda la kuku ilivyoanguka. Kwa nje ilikuwa nzima na gome lake. Mjomba aliigusa kwa mguu tu, ikalala chini, na ndani mkawa hamna kitu ila vumbi na mchwa. Tangu siku hiyo nikawa namtazama mama anapokula, anapocheka, anapobeba maji, nikijiuliza ndani yake mmebaki nini.

Desturi ilikuwa hivi: kabla ya mvua, mjomba alizunguka nyumba nzima akigonga kila nguzo kwa kisogo cha shoka, huku ameinamisha kichwa. Nguzo nzima hujibu "ko". Iliyoliwa hujibu "bu". Lakini mwaka ule mama mdogo alikuwa anaposwa, na bibi alitaka wageni waikute nyumba inang'aa. Alikandika kuta, na udongo ulipobaki akakandika na nguzo ya katikati, kuanzia chini hadi mkono wake ulipofika. Mjomba alipotokea na shoka, bibi alimzuia mlangoni. "Uniharibie kandiko langu kwa ajili ya kelele zako? Kagonge nguzo za mkeo!" Mjomba akacheka, akaondoka. Mchana huo niliweka sikio kwenye nguzo ile, nikasikia mtafuno mdogo sana, kama mtu anayekula mchanga. Nilimwambia bibi. Akasema, "Wewe mtoto, woga wako utakuzeesha kabla yangu. Kachote maji."

Wageni walifika kukiwa na mvua iliyokuwa ikinyesha tangu alfajiri. Paa lilikuwa limelowa, na paa la tembe likilowa huwa zito kama mlima. Katikati ya maongezi, udongo kidogo ulidondoka kwenye kikombe cha mshenga. Akautoa kwa kidole, akasema, "Hata paa linataka chai," na watu wote wakacheka. Mimi niliitazama nguzo. Mtoto hasemi mbele ya wageni, basi nikavuta khanga ya mama, nikamwonyesha kwa kidole. Hakuitazama nguzo kwanza. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, kisha akainuka na kuigonga kwa vifundo vya vidole. Bu. Kandiko likabanduka kama ganda la yai, na chini yake mchwa weupe wakatawanyika.

"Wazee wangu, niwieni radhi," mama alisema. "Tokeni nje. Sasa hivi."

Walitoka. Mjomba na mshenga walikimbilia zizini kung'oa mti wenye panda, na mama akaingiza bega chini ya boriti. Bibi alibaki kwenye kigoda chake, akilia kwa aibu. Mama hakugeuka. "Mama, toka. Siwezi kushika paa na kukubembeleza." Bibi akatoka. Nilisimama mlangoni mvuani, nikiona miguu ya mama ikitetemeka, nikisubiri sauti ya "bu" itoke kwake. Haikutoka. Mti ulipokaa sawa walimvuta nje, na walipoishika nguzo ya zamani ikakatika mikononi mwao kama mkate mkavu. Mshenga, maji yakimchuruzika ndevuni, akasema, "Kwa nyumba inayoshikwa hivi, tutaoa tu."

Sasa napanga chumba Kizota, na Dodoma yote inaota nguzo za zege ambazo mchwa hawaziwezi. Katika kujisomea kwangu nimelitafuta neno lile kwenye kamusi za kuazima. Asili yake sikuipata. Maana nilizipata: mti unaoshikilia paa, mtu anayetegemewa. Hakuna iliyoandika kwamba nguzo ni kitu cha kugongwa. Wadogo zangu wanasoma kwa mshahara wangu, na mama huwaambia watu kwamba mimi ndiye nguzo. Mimi huitikia kwa sauti nzuri, kisha hukagua kufuli tena na tena, nikakosa usingizi. Juzi alikuja kunitembelea. Nilikuwa nimepiga deki hadi uvunguni na kunyoosha kila kitambaa. Hakusifu chochote. Alikaa kitandani karibu yangu, akanigonga mgongoni kwa vifundo vya vidole, taratibu, kichwa amekiinamisha.

"Mama, unafanya nini?"

"Nyamaza," alisema. "Nasikiliza."