Miaka Saba Kushoto kwa Mchungaji

Kwa miaka saba nilikuwa mkalimani wa mchungaji wetu. Yeye alihubiri Kiswahili, mimi nikasimama kushoto kwake nikigeuza kwa Kimwera, maana kanisani kwetu Mandawa, huku Ruangwa, bibi na babu wengi Kiswahili wanakijua cha sokoni tu. Cha mahubiri kinawapita. Nilikuwa hodari, jamani, sitajifanya mnyenyekevu hapa. Mchungaji akikwama, mimi naendelea. Watu walicheka, walilia, wakasema safari hii tumepata mchungaji anayetujua.

Kumbe mwenyewe alikuwa mkali ajabu. Akisema, "Ninyi ni wavivu wa maombi," mimi nawaambia, "Mchungaji anajua mmechoka na palizi, lakini msiache kuomba." Hakuna aliyenituma. Niliona ndiyo karama niliyopewa, kupatanisha watu, na kusema kweli nilipenda wanavyonitazama.

Mwaka wa saba, mavuno yalipokwisha akahubiri juu ya unyago. Alisema binti wa Mkristo akichezwa, wazazi wake watengwe, wasiguse meza ya Bwana. Niliwaangalia akina mama waliokaa mbele yangu. Mabinti zao walikuwa tayari ni wali, wameshaingizwa ndani wanafundwa. Nikasema kwa Kimwera, "Mchungaji anasema, mkishawatoa wali, waleteni kanisani tuwaombee." Vigelegele! Mchungaji akatabasamu, akaanzisha wimbo.

Jumapili mbili baadaye walikuja wazee wa kanisa kutoka Nachingwea. Walikuja kwa ajili yangu: siku hiyo nisimikwe kuwa mwinjilisti wa Mandawa, kitu nilichokiomba tangu ujana wangu. Mke wangu alikuwa ameazima pasi ya mkaa kwa jirani ili shati langu linyooke. Kabla hata ya sala ya kwanza, wakaingia wali watano, kanga mpya, wanang'aa mafuta, vichwa wameinamisha, mama zao nyuma wakiimba. Bibi mmoja akawaambia wageni kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Tumewaleta, kama mchungaji alivyosema."

Mzee aliyeongoza wageni akamgeukia mchungaji. "Ulisema hivyo?"

"Mimi? Nilisema watengwe!" Akaninyooshea kidole mbele ya kanisa zima. "Kimwera sikijui, mzee wangu, hata neno moja. Nilimwamini huyu."

Maneno yalikuwa yangu kweli. Wazee wakanong'ona kidogo, kisha nikaambiwa nikakae nyuma: kusimikwa hakuna, na kutafsiri nisitafsiri tena. Nilipita katikati ya benchi nikiwa na lile shati langu, mke wangu akainamisha uso. Kule nyuma nilijilaumu mpaka ibada ikaisha. Niliona ulimi wangu umeniponza, na kibaya zaidi umemwaibisha mtu wa Mungu asiye na hatia. Nilimwonea huruma, fikiria!

Ibada ilipoisha wazee walitangulia kupanda gari. Mchungaji akaenda kuitoa pikipiki yake kivulini, nami nikamfuata ili nimwombe msamaha. Yule bibi akaniwahi, na kiroba mkononi. Akamwambia mchungaji kwa Kimwera, kwa sauti ya chini, kwamba mama wa wali wamemchangia ufuta, ila kama anaona haya mbele ya wageni, wataupeleka nyumbani kwake kesho.

"Hapana, bibi, haya ya nini?" mchungaji akajibu papo hapo. "Ufunge hapo nyuma, nauchukua leo leo."

Hakuna aliyemtafsiria. Mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi, na nilikuwa nimefunga mdomo.

Akageuka, akaniona. Miaka saba alikuwa ananisikia nikiyalainisha maneno yake, anakaa kimya, anapendwa. Hata ile Jumapili ya unyago alinisikia, na akatabasamu. Msaliti mkubwa! Gari la wazee lilikuwa halijaondoka bado. Ningepiga kelele moja tu wangeshuka.

Akanyoosha mpira wa kufungia mizigo upande wangu. "Nishikie hapa, ndugu yangu," akasema, kwa Kimwera safi kabisa.

Na mimi, Mungu anisamehe, hasira zimenijaa mpaka machozi, nikamshikia.