Ndugu Wawili na Jeneza Moja Kigombe

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu mambo kabla chai ya saa nne haijaletwa. Nilipangwa kaunta katika kituo kimoja cha polisi mjini Tanga, pale mbele ambapo raia hueleza shida zao na askari huziandika kwenye kitabu cha taarifa. Wakaingia majirani wawili wanaogombania ukuta, wanasukumana. Mimi, sare mpya bado inanukia pasi, nikapaza sauti: “Kimya! Mtalala ndani wote!”

Basi wee! Wakakunjana mashati palepale, kitabu kikaruka, kiti kikavunjika mguu.

Mkuu wa kituo alitoka ofisini kwake. Alikuwa inspekta mfupi, sauti yake ya chini utadhani anaumwa koo. Hakumshika mtu. Alimwinamia yule mkubwa wao na kusema, “Shikamoo mzee. Umetoka wapi na jua hili?”

Mzee akajibu, “Marahaba mwanangu,” kabla hajakumbuka kwamba ana hasira! Mkono uliokamata shati la jirani ulilegea wenyewe.

Walipokwisha kuondoka, inspekta aliniambia, “Mwanaidi, sauti yako ilipanda juu ya zao. Ulitaka wao wapande wapi?” Nami nikaanza kuipenda kazi ambayo asubuhi ile niliidhani ni ya mabavu.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Moa, karibu na mpaka. Kituo kilikuwa kidogo, askari wachache, na mkuu wetu alikuwa stafu sajenti aliyekaribia kustaafu. Yeye alinifundisha kutazama mikono. “Mdomo unatukana tu,” alisema. “Mkono ndio unaokwenda kwenye panga.” Akanifundisha pia kusimama upandeupande, siyo kifua kwa kifua, ili mtu asione nimemzibia njia. Na jambo la tatu, kubwa kuliko yote: “Wanachogombania mara nyingi sicho kinachowauma. Uliza mpaka ukifikie.”

Nilikifikia siku moja Kigombe, na mpaka leo nikisimulia mwili unanisisimka.

Nilikuwa sajenti wakati huo, nimeshahamishwa Moa kwenda kituo cha jirani na Kigombe. Asubuhi jua limeshapanda, mwenyekiti wa kijiji akapiga simu: “Afande, njooni upesi! Watu watauana juu ya maiti!”

Tulikwenda wawili kwa pikipiki, mimi na Koplo Hiza. Aliyefariki alikuwa seremala, Mzee Bakari. Alikuwa na wake wawili, mmoja Moa, mmoja Kigombe, na miaka yake ya mwisho aliishi Kigombe. Kaburi lilikwisha kuchimbwa huko. Watoto wa Moa nao walikwisha kuchimba la kwao, wakaja na lori dogo, Canter, kumchukua baba yao.

Tulipofika, jeneza lilikuwa barazani, limefunikwa. Mlangoni alisimama Salimu, mtoto wa Kigombe, ana panga. Uwanjani, hatua kama sita, kaka yake Athumani wa Moa naye ana panga. Nyuma ya kila mmoja, wanaume wamejaa. Canter inanguruma. Wanawake wanalia ndani.

Koplo Hiza akaninong'oneza, bunduki mkononi, “Nipige juu?”

“Ukipiga juu, watakimbia wasio na kosa, na hawa wawili watabaki na mapanga yao. Nenda kwa dereva. Mwambie azime gari.”

Akaenda. Injini ilipozima, ghafla kila mtu akasikia alivyokuwa akihema. Mimi nilikuwa nahema kuliko wote! Nikatembea polepole hadi kwa Athumani, viganja wazi, nikasimama ubavuni kwake.

“Poleni na msiba, kaka.”

“Tushapoa,” akajibu, macho kwa mdogo wake.

“Baba ulimwona lini mara ya mwisho?”

Hakujibu. Nikasubiri. Kusubiri huko ndiko kugumu, maana miguu inataka kukimbia na mdomo unataka kujaza maneno. Mwishowe kidevu chake kikaanza kutetemeka.

“Mwezi mzima baba yuko kitandani sikuambiwa! Amekufa sikuambiwa! Nimeambiwa na mtu wa bodaboda, afande. Bodaboda! Barabarani, mbele ya watu!”

Alhamdulillahi, moyoni nikasema, tumefika. Hakuwa na ugomvi na kaburi.

Nikamgeukia Salimu. “Umemsikia kaka yako?”

“Baba mwenyewe alikataa tuwaambie. Hakutaka wamwone vile alivyokonda.”

“Na alipokata roho?”

Salimu akatazama chini. “Hapo nilikosa. Niliogopa watakuja kumchukua.”

“Usiniambie mimi.”

Salimu akaliegemeza panga ukutani, akashuka barazani mikono mitupu. Nawaambia kweli, hatua zile nilizihesabu kwa mapigo ya moyo wangu. “Kaka,” akasema, “nilikosa. Nisamehe.”

Athumani aligeuza macho kwenye jeneza. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: “Nani ataingia kaburini kumpokea?”

Anayeingia kumpokea maiti ni jamaa wa karibu. Ndiyo heshima ya mwisho.

“Wewe,” alisema Salimu. “Si ndiye mkubwa wetu?”

Panga likaanguka mchangani. Nikalikanyaga kwa buti mara moja! Ndugu wakakumbatiana, wakalia kama watoto, na wanaume waliokuja kupigana wakaanza kuulizana nani abebe wapi.

Mimi mwanamke sikufuata makaburini. Nilibaki barabarani nikaliona jeneza likipita, Athumani mbele kulia, Salimu mbele kushoto. Lilipopinda kona, nikakaa chini nikacheka peke yangu hadi Koplo Hiza akaingiwa na wasiwasi.

Sikufaulu kila mara. Kuna mahali nilifika nimechelewa, nikakuta damu, na sura za siku hiyo bado ninazo. Askari vijana wakija kunisalimia hapa nyumbani kwangu Raskazone, Tanga, huniuliza kama nilikuwa siogopi. Niliogopa kila mara. Askari asiyeogopa watu wenye mapanga mimi nisingempa zamu.

Siku ya kustaafu nilikwenda stoo kurudisha vifaa. Mtunza stoo alikigeuzageuza kirungu changu, akakipitishia kidole.

“Afande, hiki ulibadilishiwa? Mbona kipya?”

“Ndicho nilichopewa siku ile ya kwanza.”

“Hukukitumia hata mara moja?”

“Mara moja tu. Moa, kwa nyoka aliyeingia mahabusu. Na yeye pia nilimfungulia mlango kwanza.”